Kitikuu cha Esha

Jumatatu, 3 Februari 2014. Riyadh.
Nimerudi Manfuha kutoka Olaya. Mgongo umekatika. Nimesafisha ofisi mbili, vyoo vyote. Esha kapika wali na samaki wa mkebe.

Mercy, mwenzetu wa chumba, kamcheka tena. Esha alitaka maji, akasema “nachaka mai,” Mercy akauliza unachaka nini. Mercy ni wa Nakuru. Anasema mimi na Esha tunaongea Kiswahili kilichoanguka baharini. Nami nikacheka. Aibu yangu. Kwetu Amu, wanayoiita Lamu, husema ndoo, si njoo. Mato, si macho. Lakini mbele ya watu wa bara nabadilisha, hata sijisikii. Esha habadilishi. Kisiwa chao cha Kiwayu kizima kimo mdomoni mwake.

Inanikera. Pia namwonea wivu.

Alhamisi, 6 Februari.
Wamekuja mchana tukianika nguo. Askari mbele, askari nyuma. Yalla, yalla. Mercy alipanda ukuta, wakamshusha kwa mguu.

Sote watatu tulitoroka nyumba za makafili wetu, waajiri waliotudhamini, pasipoti zikabaki huko. Mimi na Mercy tuna nakala. Esha hana hata kipande. Askari kamuuliza kwa Kiarabu, naye kajibu kwa Kiarabu kizuri, cha madrasa. Askari kamtazama uso. “Somaliya,” akasema. Esha akasema la, Kenya. Askari kaandika alichotaka.

Jumapili, 9 Februari. Jeddah.
Basi kutwa nzima. Wanasema hapa ndipo ndege huondokea. Ukumbi mkubwa, wanawake wamelala sakafuni kama mizigo. Joto na harufu ya dawa ya choo. Mtoto wa mtu analia, hanyamazi.

Mlinzi wa kike katuazima simu. Esha kampigia kakake. Hapatikani. Kiwayu mtandao hushikwa kilimani, na kakake hushinda baharini. Akajaribu tena. Simu ikachukuliwa.

Jumanne, 11 Februari.
Wasio na karatasi watasikilizwa na mkalimani. Atakayemwona ni Mkenya, jina lake litaingia ndege ya Nairobi. Anayesema Kisomali, Mogadishu. Esha hajui Kisomali. Hajawahi kufika huko.

Mercy akasema, “Mfundishe aongee kama redio.” Hakuwa akicheka.

Jumamosi, 15 Februari.
Tunasoma. Sema tatu. Anasema chachu. Sema tatu. Tatu. Vizuri. Sema tano. Chano.

Akitulia anaweza. Akiharakishwa ulimi unarudi kwao. Na si herufi tu. Anavuta neno mahali ambapo mtu wa Nairobi hulikata. Hilo sijui kulifundisha. Sikuwahi kufundishwa mimi, nililiiga tu kwa kuogopa kuchekwa shuleni.

Leo kakasirika. “Mama hakunifunda hivi.” Nikamjibu kuwa mama yake hayupo hapa. Akageukia ukutani. Nilisema vibaya. Sikuomba radhi.

Jumapili, 16 Februari.
Hakula asubuhi. Baadaye kaja mwenyewe, kakaa, kasema tatu, tano, mtu, nataka. Yote sawasawa. Mercy akampigia makofi. Wanawake wa Kihabeshi nao wakapiga makofi, hawajui kwa nini.

Jumatatu, 17 Februari.
Leo tumeitwa.

Mkalimani ni kijana mtanashati, Kiswahili chake cha shule. Si mkatili. Laiti angekuwa mkatili, ningemchukia nikatulia. Walituingiza pamoja, mimi nikae nyuma.

Alimuuliza jina, kijiji, baba. Esha alijibu polepole, vizuri. Kisha afisa mwenye faili akagonga meza, akataka haraka. Mkalimani akasema, “Hesabu mpaka kumi.”

“Moya, mbili, chachu, nne, chano…”

Mkalimani akacheka. “Chachu ni ya kuumulia mkate, dada.”

Esha akapotea kabisa. Baada ya hapo kila neno likawa la Kiwayu. Alikuwa akilia huku akiongea.

Mkalimani akanigeukia. “Maimuna, wewe ni wa Lamu. Hiki ni Kiswahili gani?”

Nikasema ni Kitikuu, lugha ya Wabajuni, Kiswahili cha visiwani kama changu, kimepishana kidogo tu. Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwetu ni mato na kwa wengine macho, kwetu ni tatu na kwao Esha ni chachu. Alikuwa akiandika.

“Husemwa wapi?”

“Kiwayu, Ndau, Faza, Kizingitini.”

“Na wapi tena?”

Nikasema, “Mpaka Kismayu.”

Ni kweli. Kila mtu kwetu anajua. Kalamu ikasimama hapo hapo. Akamgeukia afisa, akasema kwa Kiarabu, nami nilielewa neno moja tu: Somaliya.

Nikasema ngoja, sikumaliza. Wabajuni wako Kismayu na wako Kiwayu, huyu ni wa Kiwayu, muulize mtu yeyote wa Kiwayu. Afisa akafunga faili. “Halas.”

Jumanne, 18 Februari.
Mercy kaniambia usoni, “Ungeishia Kizingitini ukanyamaza.” Kweli.

Nimemwomba mlinzi nimwone mkalimani tena. Keshaondoka, amekwenda kwenye jengo jingine. Nikapiga mlango mpaka wakanikaripia.

Nimemweleza Esha yote, maana nyuma ya kilio chake hakusikia. Alinisikiliza. Kisha akasema, “Ungesema nini, Maimuna? Shangazi yangu yuko huko Kismayu, hawezi kutoka.” Akanisuka nywele. Sikustahili kusukwa.

Ijumaa, 21 Februari.
Wameita majina ya Mogadishu. La Esha limeitwa vibaya, wametia jina la baba asiye wake. Hakuitikia. Wakaita tena, mlinzi akamwonyesha kidole.

Nilimpa baibui langu jipya, lake lilichanika siku ya kukamatwa. Alilivaa papo hapo. Aliniambia nikifika nimwambie mama mwenyewe, nisimtume mtu.

Amekwenda. Nafasi yake sakafuni imelaliwa tayari.

Jumapili, 16 Machi. Amu.
Mama yake Esha amekuja leo, na mwanawe wa kiume. Bibi mdogo wa umbo, mguu mmoja wauma. Nilikuwa nimepanga kwenda Kiwayu mimi. Kila juma niliahirisha. Amenitangulia.

Nilimweleza mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia nilivyoulizwa na nilivyojibu. Kakake Esha alitoka nje. Mama hakutoka.

Mama akasema Esha amepiga simu mara moja, kwa simu ya mtu. Yuko Mogadishu kwa watu wasiomfahamu, anafua nguo zao. Kufika Kismayu kwa gari anaogopa, njia ina vita. Tangu hapo kimya.

Kisha akaniuliza kama Esha alikuwa na viatu alipotoka pale.

Nikasema alikuwa navyo. Makubazi.

“Na alikuwa amekula?”

Nikasema chai na mkate.

Akaitikia kwa kichwa. Mama yangu akamletea kahawa, akainywa yote. Walikaa mpaka maji yalipojaa, boti yao ikaita. Nikamshika mkono kushuka ngazi za gati. Hakuukataa mkono wangu, wala hakuubana.

Nimerudi nyumbani. Nimeosha vikombe.