Namba ya Siri Aliyopewa Muuza Nyama

~~Mume wangu mpenzi,~~
Baba Watoto,

Nyama iko sufuriani, ipashe kwa moto mdogo. Mkeo amekwenda kwenye mkutano wa wapangaji, kupiga kelele kama unavyosema.

Tangu ununue hiyo simu umemnyima mkeo namba ya siri. "Mama, haya ni mambo ya usalama," ulimwambia mbele ya dada zako, na mkeo bado anakumbuka nani alicheka na nani alijifanya anakohoa. Leo asubuhi umesahau miwani, ukamkabidhi muuza nyama simu yenye ada yote ya watoto ili ajilipe mwenyewe, kisha ukamtajia namba kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba. Foleni nzima imeisikia. Mkeo alikuwa nyuma yako na kikapu, akaijua siku moja na mshona viatu aliyekuwa foleni.

Basi ulipoingia kuoga, mkeo aliibadilisha. ~~Mpya ni~~ Hapana.

Kuanzia leo dukani nenda na ile simu ndogo ya vibonye, iko juu ya kabati. Mkeo ametia humo hela ya matumizi ya leo tu, hata ikiibwa tutakosa mkate, si shule. Namba yake unaijua, ibonyeze mwenyewe, mdomo umefungwa. Miwani ndiyo iliyolalia kikaratasi hiki.

Namba mpya ya simu kubwa usimuulize mkeo. Baba, haya ni mambo ya usalama.

Mama Watoto