Usimtume Ndugu Ashike Kamba

Komyuni ya Tshopo, Kisangani
Tarehe 14 Novemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Nassoro,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikushukie wewe, mkeo Leila, na wote wanaolala chini ya paa lako huko Basoko. Goti lako linasemaje siku hizi? Na Leila, kile kikohozi kimemwacha apumzike? Sisi huku tu wazima, kwa kadiri nyumba iliyotoka kuzika inavyoweza kuwa nzima. Hadidja wangu anakusalimu, na anasema samaki mliotuma walifika salama, wakaliwa na waombolezaji.

Barua yako aliniletea Mama Rosine, aliposhuka gatini na mizigo yake ya mchele. Maneno yako ya rambirambi niliyasoma mbele ya watu baada ya swala, na wengi walifuta macho. Ukurasa wa pili niliukunja nikautia mfukoni. Umeandika kwamba mwanao Saidi amepata kazi ya kusafisha na kuziba matundu ndani ya tangi la tishari la mawese, na unaomba mpwa wetu Radjabu ateremke Basoko amshikie kamba, kwa kuwa wewe goti halikuruhusu na damu nyingine ya kiume huko huna.

Sitakuzungusha. Radjabu haji. Na Saidi asitie mguu ndani ya tangi hilo kabla hamjafanya nitakayoyaandika hapa. Nakuomba uwakusanye watu wa nyumbani, Saidi akae karibu nawe, uwasomee kwa sauti, kana kwamba nimesimama mbele yenu kama ninavyosimama kwenye ndoa na misiba yetu.

Ndugu zangu, mlipigiwa simu mkaambiwa kwamba Amani, mtoto wa dada yetu Karima, amekufa kwa ajali ya kazi. Nani alikuwa wapi, na nani alisema nini, hamkuambiwa. Mimi nilikuwapo.

Tishari la chuma alimofia lilikuwa limefungwa ufukweni kwa muda mrefu. Chini ya sitaha lina vyumba vilivyozibwa, vyenye maji kidogo yaliyotuama, na mlango wa kila chumba ni tundu la duara ambalo mtu mpana hupita kwa shida. Amani aliitwa kuchomelea bamba lililooza. Kwa desturi yetu, mafundi wa ukoo huu hawaingii ndani ya chombo mpaka mkubwa wa familia asome Fatiha, na kamba ashike mtu wa damu. Mkubwa nilikuwa mimi. Kamba alishika Radjabu, kaka yake wa tumbo moja.

Mnajua dua zangu zilivyo ndefu. Amani alikuwa ameshakaa kwenye ukingo wa tundu, miguu inaning'inia ndani, akaniambia mimi mjomba wake, “Tonton, ufupishe kidogo, chuma inaniunguza matako.” Watu wakacheka, nami nikacheka. Akajifunga kamba kiunoni, akashuka.

Hakukuwa na harufu, wala moshi. Tulimsikia akigonga mara chache, kisha hatukumsikia. Radjabu alivuta kamba kumuuliza, kama wanavyoulizana siku zote, na kamba haikumjibu. Akainama akamwita. Nilimwona akiiachilia kamba na kuanza kuvua viatu.

Hapo ndipo Ambroise alipokuja. Ni fundi wa injini, Mkatoliki wa Butembo, mtu mnene, mpole, ambaye siku ile alikuwa na kazi yake upande wa nyuma ya tishari. Alikimbia, akaketi juu ya tundu. Aliliziba lote kwa mwili wake, na Radjabu akaanza kumpiga. Alimpiga usoni na mabegani, na Ambroise alishika ukingo kwa mikono yote miwili asing'oke.

Radjabu akanigeukia mimi. “Tonton, umwambie huyu mutu atoke. Ndugu yangu iko mule ndani.”

Ambroise naye alinitazama, damu ikimtoka puani. “Papa Bilali, nikitoka hapa mutazika wawili.”

Ndugu zangu, nimesimama mbele ya makutano mengi na sijawahi kukosa neno. Pale kila jicho lilikuwa kwangu. Kama ningemwambia Ambroise ainuke, angeinuka, kwa heshima ya mvi zangu. Nikimwacha aketi, mtoto wa dada yangu yuko chini ya makalio ya mtu. Hapakuwa na mahali pa kutoka. Mwanga na upepo wa mto vilinizunguka, nami nilikuwa kama niliyefungiwa mle mle.

Nikasema, “Radjabu, shika kamba.”

Alinitazama kwa muda ambao bado haujaisha. Kisha akaishika.

Baada ya hapo kila jambo lilikwenda polepole kuliko moyo. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba ifunguliwe chupa ya oksijeni ya kuchomelea, imwagwe ndani. Ambroise alikataa, akisema hewa ya chupa ile ikijaa chumbani cheche moja tu itawasha nguo na nyama pamoja. Aliagiza mpira wa kompresa upitishwe kando yake, hewa ya kawaida ipulizwe, na kifuniko cha upande wa pili kifunguliwe. Hicho kilikuwa kimeshikwa na kutu. Walikipiga nyundo mpaka nikaona hakitafunguka kamwe. Kilipofunguka, Ambroise aliondoka juu ya tundu, akashika kamba pamoja na Radjabu, wakavuta.

Hapo ikajulikana kosa lingine. Mtu aliyefungwa kiunoni na kuzimia hukunjika katikati, kichwa na miguu vikining'inia, naye hapiti kwenye tundu jembamba. Amani alikwama chini ya ukingo. Tuliuona mgongo wake, tulimgusa, hatukuweza kumtoa. Ilibidi kumshusha tena kidogo, kupitisha kitanzi chini ya kwapa kwa ndoano ya mtumbwi, kisha kuvuta upya. Alipolazwa juu ya sitaha hakuwa na jeraha hata moja. Alikuwa ameshatutoka.

Ambroise alinieleza baadaye, siku ya matanga, alipokuja na kukaa nje ya uzio kwa kuwa hakujua kama atapokewa. Nilimwingiza kwa mkono. Alisema chuma kinachopata kutu ndani ya chumba kilichofungwa hula hewa, kama moto unavyokula. Hewa inayobaki haina dalili, na mtu huanguka kabla hajajua kwamba anaanguka. Tangi lenu la mawese si bora. Masalio yanayooza chini hutoa hewa mbaya, na nyingine huwaka, kwa hiyo msidanganyike kuteremsha mshumaa au taa ya mafuta mkidhani mnapima.

Saidi, mwanangu, sikiliza hapa. Fungua vifuniko vyote. Puliza hewa safi kwa feni kubwa ndani ya tangi kwa muda mrefu, na uendelee kupuliza wakati wote wa kazi. Injini ya feni ikae mbali, upande upepo unakokwenda, isije ikawalisha moshi wake. Kabla ya kuingia, tafuteni kifaa cha kupimia hewa. Wenye maghala ya mafuta hapa Kisangani wanacho, na Ambroise amekubali kuja nacho huko. Ipimwe juu, katikati na chini. Vaa mikanda ya kifuani na mapajani, kamba ifungwe mgongoni juu, ipite kwenye kapi iliyotundikwa juu ya tundu, ili mtu akivutwa atoke wima. Na mwenye tishari akisema hana subira, mwachie tishari lake.

Tena, anayeshika kamba asiwe ndugu. Najua neno hili ni zito kwako, Nassoro, maana babu zetu ndio waliotufundisha. Waliogopa kwamba mgeni ataiachilia kwa kutojali. Hawakuwaza kwamba ndugu ataiachilia kwa kupenda. Nje ya tundu aketi mtu ambaye ukinyamaza ataita watu na kuvuta, bila kukufuata.

Sasa nikueleze kwa nini Radjabu haji. Hasemi nami tangu siku ile. Huingia hapa, humsalimu Hadidja, hucheza na watoto, kisha hupita mbele yangu kama apitavyo mbele ya nguzo. Hilo ningelivumilia. Ninachoogopa ni kwamba akisikia ombi lako atakuja mbio. Atakuja na kamba ile ile. Na Saidi akinyamaza hata kwa kukohoa, Radjabu ataingia, na safari hii hakuna mtu hapa duniani atakayemzuia. Kwa hiyo ombi lako nimelificha. Ukimpigia simu umwombe kwa mdomo wako, utakuwa umewaingiza wote wawili.

Jana nilimtembelea Karima. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nilikaa nikachambua naye. Nilipoinuka, aliniambia, “Bilali, uliniachia mumoja.” Sijui kama alinishukuru au alinishtaki. Lakini huyo mmoja ndiye uliyeniomba nikutumie.

Nisalimie Leila, mama mkwe wako Mwanahamisi, na majirani wa pale gatini. Mwambie Saidi kwamba siudharau ujana wake, namtaka azeeke. Mungu azijaze hewa nyumba zenu, na kila aingiaye mahali pembamba amtoe kwa mlango ule ule alioingilia.

Mama Rosine anarudi huku Ijumaa ya wiki ijayo. Mpe jibu lenye neno moja tu, kwamba tangi bado limefungwa.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na nikusubiriye,

Bilali