Senene Wangu Wanatua Sifuri

Jumatatu, 4 Novemba
Bukoba. Mvua tangu alfajiri. Vipindi viwili, wanafunzi wanasinzia. Chai peke yangu ofisini, tena. Kisha senene wangu wa kompyuta, programu ya kutafuta majibu niliyoiga kwa wale panzi tunaowakaanga huku: kila mmoja anaruka, anamtazama mwenzake aliye karibu na jibu zuri, anamfuata. Miaka minne nawafuga. Jarida limeikubali makala yangu juu yao; ikichapwa napanda cheo. Hakuna wa kumwonyesha. Mkuu wa idara kila siku ananiuliza kama wameshakaangwa. Anajiona mchekeshaji.

Jumatano, 6 Novemba
Nimewapa kazi ya kweli. Chama cha wakulima kijijini kwetu, Muleba, kinatafuta pa kujenga kituo cha kahawa, pasiwe mbali na mtu yeyote. Senene wametua kwenye kibanja cha mama, shamba lake la migomba nyumbani. Cha mama! Nimecheka peke yangu kama kichaa. Nikampigia simu.

Ijumaa, 8 Novemba
Kumbe nilipaswa kufunga mdomo. Mama ameshatangaza kanisani na kisimani. "Koku, kompyuta imetuchagua sisi!" Amekata migomba mitatu ya mbele kupisha malori. Migomba ya marehemu baba. Sijamsikia na furaha hivi tangu msiba.

Jumamosi, 9 Novemba
Kuna kitu kinanikera. Ramani nilianza kuipimia mlangoni kwa mama, kwa hiyo sifuri, mahali pa kuanzia vipimo vyote, iko pale. Leo nimeihamishia katikati ya ziwa, kujaribu tu. Senene wote wakatua majini.
Mungu wangu.

Jumapili, 10 Novemba
Sikwenda misa. Kosa nimeliona, mstari mmoja tu. Nilitaka wapunguze mwendo wanapokaribia jibu. Badala ya kupunguza kasi yao, nimepunguza umbali wao kutoka sifuri, kila hatua kidogo. Na maswali yote niliyowapima nayo, jibu lake lilikuwa hapo hapo sifuri. Ndiyo maana walifaulu kila jaribio. Hawajawahi kutafuta kitu, jamani. Naona aibu.

Jumatatu, 11 Novemba
Mkuu wa idara: "Nani atajua?"
Mimi.
Nimeandika barua ya kuiondoa makala. Nimeituma saa nne. Saa tano nilikuwa darasani. Cheo basi.

Jumanne, 12 Novemba
Mama amepiga mara tatu. Sikupokea. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 13 Novemba
Nimemwambia. Akasema, "Na migomba?" Akakata simu. Nimekaa chumbani kwangu Nyanga, hapa mjini, na simu mkononi, nikitafuta mtu mwingine wa kumpigia. Hayupo.

Jumamosi, 16 Novemba
Muleba. Nilianzia kwa katibu wa chama, kuomba radhi. Akashangaa. Mama alishapita nyumba kwa nyumba tangu Alhamisi, kwa miguu, akisema: mwanangu amekosea hesabu, ameliona kosa mwenyewe, msimcheke.
Nimemkuta jikoni anamenya ndizi. Shikamoo. Marahaba. Nikasubiri lawama.
"Kaa, waitu, mwanangu. Nieleze hiyo kazi yako, tangu mwanzo."
Hajawahi kuniuliza. Hakuna aliyewahi. Nikachukua kisu, nikawa namenya huku naeleza, tukazibandika motoni, nikaeleza hadi zikaiva. Hakuelewa. Nilipotaka kuishia hapo akasema, "Endelea."