Chupa Mbili za Unga Mweupe

Jumatatu, 2 Desemba
Tone kwa tone tena. Kimiminika cha madini ya titani ndani ya spiriti, nakoroga, madirisha nimefunga. Embu ina unyevu leo; ukiharakisha yote huganda mabonge. Ila unga mweupe wa kusafisha maji niliotengeneza hivi wiki jana, na kuuchoma nyuzi 450, umekubali. Maji machafu ya kiwanda cha kahawa nimeyaweka nao juani tangu asubuhi, na kufikia saa tisa yameng'aa. Maji yale yale yanayomwagwa mtoni, juu ya mahali Mama anapoteka. Miaka miwili nangoja kuona hivi. Nimelia kidogo.

Jumanne, 3 Desemba
Bango limebandikwa. Jumamosi, maonyesho kwa wakulima, kiwandani Karurumo. Kiwanda kikiridhika kitajenga matangi ya kusafisha maji kabla hayajafika mtoni. "Uvumbuzi wa Daktari", yaani msimamizi wangu, ambaye hajashika tanuri tangu nimjue. Jina langu halipo. Nilimuuliza.

"Wanja, wewe bado mwanafunzi. Usikuwe na haraka."

Nikatabasamu. Namchukia.

Alhamisi, 5 Desemba
Dawa ya moto ni moto. Nimechoma fungu lingine nyuzi 900. Kwa joto hilo chembe hushikana na nguvu hupotea, lakini kwa macho ni unga ule ule. Nimeutia kwenye chupa ya Daktari na kuandika lebo kwa mwandiko wangu mzuri. Ule wa kweli uko mkobani mwangu. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 7 Desemba
Jua kali. Hana kisingizio. Mwenyekiti wa kiwanda alifungua kwa maombi, wakulima wakapewa chai, Daktari akamwaga unga kwenye maji ya kiwanda na kuhutubu. Saa sita, maji ya kahawia. Saa nane, kahawia. Jasho lilimlowesha hadi tai. Nilifurahi, sikatai. Nilikaa nyuma nikinywa chai yangu polepole.

Kisha mwenyekiti akasimama. "Tumejionea. Hakuna tangi tutajenga hapa. Watu wa vitabu warudi kwa vitabu zao."

Wakapiga makofi. Mama, safu ya pili, alipiga pia.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilimfikiria Daktari tu.

Jumapili, 8 Desemba
Baada ya kanisa nimeshuka mtoni na Mama. Maji yananuka kahawa iliyooza, povu limejaa kwenye mawe. Amechuja kwa leso, kama kawaida. Njiani akaniambia nisijilaumu, yule Daktari alinidanganya mimi kama alivyowadanganya wao. Mtungi niliubeba mimi mpaka nyumbani.