Kilabu Kimehamia Kwangu

Itigi, 9 Agosti 1953

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na baba mfikishie shikamoo yangu. Natumaini kifua kimekupa nafuu na mtama mmeshaupura. Huku tunapumua. Yunisi ameota meno mawili. Ananing'ata akinyonya, halafu anacheka.

Mama, nina hasira hata kalamu inachana karatasi. Mmesikia huko Issuna kwamba serikali imeamuru vilabu vya pombe vifungwe jua likizama, maana watu walizidi kuchomana visu. Haya, vinafungwa. Lakini wanywaji wanabeba vibuyu vyao vya wanzuki, pombe ile ya asali, wanakuja kwetu, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukitoka kilabuni. Mume wangu Simeoni anasema mgeni aliyeingia na kibuyu hafukuzwi, ndivyo walivyoishi babu zake. Basi mimi niwape vigoda, niwasikilize wakitukanana.

Jumanne binamu yake, Leonidas, alimrushia mwenzake kigoda. Kikanipata mimi begani, kidole kimoja tu kutoka kichwa cha Yunisi niliyembeba mgongoni. Nikaenda kwa jumbe. Alicheka, akasema sheria ni ya kilabu, nyumba ya mtu ni ya mwenyewe, nikapike.

Juzi walipokuja tena nilikitwaa kibuyu cha Leonidas, nikaimwaga pombe yote kizingitini. Nikawaambia, "Nyumba hii ina mtoto. Kanyweeni kwa jumbe."

Sasa wazee wa ukoo wao wanasema kumwaga pombe ya mgeni kizingitini ni kumlaani. Eti mtoe kondoo wa kunisafisha, la sivyo nirudishwe kwenu.

Mama, kuna jambo nimekuficha. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipofanya baraza mwezi wa tano, wanawake walinisukuma niseme, kwa kuwa nimefika darasa la tatu. Ni mimi niliyeomba vilabu vifungwe mapema, ili waume zetu wale na watoto wao. Simeoni alikuwa kazini relini, hajui mpaka leo. Wale walevi nimewaleta kwa kinywa changu mwenyewe.

Kwa hiyo msitoe kondoo. Bwana Shauri anarudi wiki ijayo, nami nitasimama tena, Simeoni akisikia, nimwambie Bwana huyo kwamba amefunga nyumba isiyo na watoto, akaiacha wazi yenye mtoto. Naamini atasikia. Wakinirudisha kwa hilo, nitandikieni mkeka wa watu wawili.

Dada Redempta na majirani wote nawasalimu. Mungu awalinde.

Ni mimi mwanao,
Lea, mama Yunisi