Sufu ya Mama Mkwe Ndani ya Hedifoni za Mteja

Shikamoo Shangazi Desanka,

Naomba msaada wako, na naomba usinitaje, niite Kosara tu, na wengine pia nimewabadilisha majina, maana Leskovac ni mji mdogo na jirani yetu huwa anasoma ukurasa wako wa gazeti kwa sauti wakati wa kuchoma pilipili hoho uani, na anayemgeuzia pilipili ni mama mkwe wangu.

Mimi shangazi sikusoma sana, nilimaliza la nane nikaingia kiwanda cha makochi, nikajifunza kushona ngozi mpaka mikono ikawa inaona yenyewe, halafu nikaolewa na Vidoje ambaye ni dereva wa lori, tukampata Nevena wetu, bado ananyonya na meno ndiyo yanachungulia, kwa hiyo kiwandani siwezi kurudi sasa, nikawa nakaa jikoni na cherehani yangu nawaza nishone kitu gani kidogo kisichojaza nyumba. Basi hedifoni za Vidoje zikaanza kubanduka, ile ngozi bandia nyeusi, akawa anatembea na vipande masikioni na shingoni kama mtu aliyetoka kusafisha bomba la moshi, nikamwambia lete hapa, nikaing'oa ile mito laini inayokaa sikioni, nikaifumua nione ilivyokatwa, nikashona mingine kwa ngozi ya kondoo iliyobaki kwenye koti la zamani. Akavaa akanyamaza. Nikadhani imembana, kumbe anasikiliza. Akasema, "Kosara, huyu mpiga tarumbeta ana mwenzake nyuma anapiga taratibu. Miaka yote sikujua kama yupo."

Hapo ndipo ugonjwa ukanishika shangazi, maana nilidhani mto ni wa kustarehesha sikio tu, kumbe mto wenyewe ni nusu ya sauti, ukishona wa ngozi unaoziba vizuri besi inabaki ndani na ngoma inakupiga kifuani, ukishona wa mahameli besi inachujika inatoka lakini waimbaji wanakusogelea, na ukiweka sponji nene ukalisogeza sikio mbali, bendi nzima inahamia chumba cha pili. Nikaanza kuchanganya, ngozi kwa nje, kitambaa kwa upande wa shavu, sponji ngumu chini laini juu, na kila nikimaliza namvalisha Vidoje au namvalisha shemeji yangu au jirani, wote wakawa wanacheka wenyewe kama wajinga, na watu wakaanza kuniletea hedifoni zao.

Ndipo akaja Bwana Tihomir, fundi wa sauti wa redio ya hapa kwetu. Anavaa miwani, na mikono ya miwani ilikuwa inamkandamiza mpaka ana mifereji miwili nyuma ya masikio, tena pale kwenye miwani mto haugusi ngozi, besi yote inapotelea hapo. Nikamshonea mito yenye sponji laini kabisa mahali miwani inapopita, izame yenyewe, kwingine ngumu kidogo. Nikaijaribu mwenyewe, shangazi, nikasikia mpiga akodioni anavuta pumzi. Bwana Tihomir alikuwa ameniambia, "Hizi zikinipendeza, Kosara dada, utashona za studio nzima, na ndugu yangu ana studio Niš, naye nitamwambia." Nikazifunga kwenye mfuko, nikazilaza mezani, Vidoje akampelekea asubuhi.

Kabla ya chakula cha mchana simu ikalia.

"Kosara dada, hizi ni hedifoni au pipa la kuchachulia kabichi? Mtangazaji anasoma hali ya hewa, mimi namsikia kama yuko ndani ya pipa na kuna mtu amekalia kifuniko."

Nikamwambia haiwezekani, nilizijaribu.

"Halafu kuna jambo jingine, naona haya kuuliza. Kwenu mnakunywa? Maana masikio yangu yananuka rakija ya plamu, na mkurugenzi ameshanisogelea mara mbili akinusa."

Zikarudishwa, nikazifungua. Ndani ya mito kumejazwa sufu, imeshindiliwa kama soseji, na yale matundu ya nyuma ya hedifoni, ya kupitishia sauti, yamezibwa na sufu nyingine na selotepu juu yake. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi na Nevena mapajani.

Nikamuuliza, "Mama, hizi hedifoni ulizigusa?"

"Nilizirekebisha."

"Ulizirekebisha vipi, mama?"

"Zilikuwa na matundu, mwanangu. Matundu, kwenye kitu cha sikioni. Mtu anakaa kazini siku nzima, huku mlango, huku dirisha, upepo unaingia sikio hili unatokea lile, uso unampinda, halafu nani atakwenda kumwambia mkewe, wewe?"

"Matundu yaliwekwa makusudi, ili sauti ipumue."

"Sauti ipumue, yeye apooze. Ile ni sufu ya kondoo wangu mwenyewe, nimeichovya kwenye rakija kidogo ili ipashe moto. Wengine wangeomba."

Nilitoka, shangazi, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Vidoje aliporudi nikamwambia zungumza na mama yako, akasema, "Mimi? Mimi ni mtoto wake tu," akafungua friji akakaa hapo mbele yake kama anasoma gazeti.

Sasa shida yangu ni hii. Mama Radojka ndiye anayemshika Nevena nikishona, bila yeye sishoni hata soli ya soksi, na ni mama mwema, mimi wangu alifariki nikiwa mdogo na huyu ndiye aliyenifundisha kumwogesha mtoto bila kutetemeka. Nikimwambia ameniharibia kazi ataumia, akiumia atakwenda kwa binti yake Vlasotince, ameshawahi kwenda kwa sababu ya supu. Nikinyamaza atajaza tena, kwa sababu anaamini anaokoa watu, na Bwana Tihomir amesema atanipa nafasi moja zaidi, nizipeleke kabla ya Mtakatifu Luka, ndiyo slava ya nyumbani kwao, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Nimeshatoa sufu yote nikashona mito mipya, nimezificha hedifoni juu ya kabati, lakini mama mkwe ananizidi urefu.

Nimwambie au nimfiche? Naipenda sana hii kazi, shangazi. Nikiona mtu amevaa hedifoni akanyamaza vile, najisikia nami nimesema kitu.

Mkamwana wa Leskovac

*

Kosara mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako ofisini kwa sauti, bila jina, na mhariri wa michezo amecheka mpaka akamwaga kahawa, kwa hiyo pole kwanza, halafu asante. Sasa kaa chini, kwa sababu nitakugombeza.

Shusha hizo hedifoni kutoka juu ya kabati. Kumficha mwanamke wa Leskovac kitu ndani ya nyumba anayoifagia mwenyewe ni kupoteza nguvu. Ameshaziona. Anasubiri utoke.

Nimehesabu watu uliowavalisha mito yako. Mumeo, shemeji, jirani, wewe mwenyewe. Wote wakacheka, wote wakanyamaza vile unavyopenda. Na muda huo wote ni nani alikuwa ameketi kwenye benchi na mtoto mapajani ili nyinyi msikilize? Mama Radojka hukumvalisha hata mara moja, Kosara. Yeye anaona matundu tu kwa sababu hakuna aliyempa kitu kingine cha kuona. Ungekuwa wewe, unaona watu wanavaa kitu chenye mashimo kichwani na kuanza kucheka peke yao, ungefanya nini? Ungeleta sufu.

Basi fanya hivi, na ufanye Jumapili baada ya chakula, akiwa ameshiba. Nevena mpe babake. Mwambie Vidoje kwamba kuwa mtoto wa mtu si kazi ya kudumu, ana mtoto wake sasa, amshike. Mkalishe mama kwenye kiti kizuri. Funga dirisha, tena lifunge kwa kelele, akuone. Mtafutie kolo, ile ngoma ya kucheza kwa duara, iliyopigwa kwenye harusi za ujanani mwake, aliyoichezea akiwa na miguu mizuri. Irudishe sufu yake ndani ya ile mito ya kwanza, kama alivyoijaza, umvalishe hedifoni hivyo kwanza. Usiseme neno. Kisha mvalishe zilezile na mito yako mipya, matundu wazi, wimbo uleule. Usiseme neno tena, na hapa najua utawashwa ulimi, uung'ate. Wewe umeniandikia kuwa mto ni nusu ya sauti. Iache nusu hiyo izungumze, haihitaji mkalimani.

Akiumia kidogo, ataumia kwa kusikia mwenyewe, siyo kwa kuambiwa na mkamwana. Maumivu hayo hayampeleki mtu Vlasotince.

Na usiitupe ile sufu. Nilimuuliza fundi wetu wa hapa, naye aliniangalia kwa heshima kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Anasema zipo hedifoni zenye sauti kali, herufi S inachoma kama sindano, na ukiweka sufu kidogo sana nyuma ya spika, nyembamba kama utando, ukali unapoa. Kidogo, mwanangu, siyo kondoo mzima. Kwa hiyo mama mkwe wako hakukosea kitu, alikosea kipimo na mahali. Mpe kazi hiyo. Mwambie, "Mama, mimi sufu siijui, nichambulie," naye aichambue, aioshe, aikaushe, na wewe ndiye uamue inaingia wapi. Sheria iwe moja tu: cha mteja hakiguswi mpaka mkivae wote wawili. Na rakija ibaki kwa wageni wa slava.

Kisha nenda kwa Bwana Tihomir mwenyewe, usimtume Vidoje. Usimdanganye kuwa gundi ilikuwa mbovu. Mwambie ukweli: ni mama mkwe, aliogopa mteja atapigwa na upepo wa mlango na dirisha. Unamwogopa bure. Huyo mtu naye amezaliwa hukuhuku, ana mama, na mama yake hajawahi kumwacha atoke na nywele mbichi. Atacheka, atavaa, na ikiwa umeshona kama ulivyoniandikia, atanyamaza vile.

Wakati amenyamaza, wewe tazama dirisha la studio yake. Najua limefungwa, naye anauogopa upepo uleule; ukilikuta wazi, niandikie tena, nitaomba radhi hadharani. Langu mimi hapa limefungwa, na nina kitambaa shingoni.

Shangazi Desanka