Ongeza, Jirani Naye Asikie

Usagara, Tanga
Jumapili, tarehe nane

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Leo naahidi kukueleza yote, hata lile ambalo Bibi amenikataza kuandika. Kwenye simu hanipi nafasi.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusikiliza redio? Ulikuwa ukiweka taarabu, ukaniuliza jambo kwa sauti ya kawaida, na nisipokusikia, unapunguza. "Mgeni gani huyu anamkatiza mwenye nyumba?" ulikuwa ukisema. Nami nilisoma huku muziki ukiendelea, kichwa chepesi.

Ulipokwenda Pemba kuchuma karafuu, Bibi akawa ananiambia kila alasiri, "Ongeza, mke mwenzangu! Mama Zuhura naye asikie, redio yake imekufa." Nikaongeza. Ikifika magharibi masikio yananivumia, na swali moja la hesabu nalisoma mara tatu bila kulielewa. Mama Zuhura akawa anatuletea vitumbua. Tukadhani ni shukrani.

Wiki iliyopita nilipomrudishia sahani, nilimkuta ameziba masikio kwa pamba. Akacheka kwa haya. "Kichwa kinanigonga, mwanangu. Lakini mnanifanyia hisani, ningesemaje?"

Nikarudi nyumbani, nikapunguza. Nikamuuliza Bibi kama ulivyokuwa ukiniuliza, "Nikutilie chai?" Hakugeuka. Nikarudia. Alikuwa akiitazama redio, kiganja nyuma ya sikio. Ndipo nilipoelewa kwamba asiyesikia hakuwa jirani.

Nilisogeza spika moja hadi kando ya kiti chake, sauti nikaiacha chini. Mguu wake ukaanza kufuata ngoma. "Enhe! Hapo ndipo!" Sasa tunasikiliza kidogo, tunazima, tunapumzika. Masikio yangu yametulia, na Mama Zuhura anakuja kukaa nasi bila pamba.

Jana nilimwomba Bibi twende hospitali akapimwe masikio. Akanikemea, "Unataka kunizeesha? Mwanangu akisema niende, nitakwenda. Si wewe, kitoto!" Hilo ndilo alilonikataza. Nimeliandika kwa sababu nikimsomea barua zako hulazimika kupiga kelele, na maneno yako mengine, Baba, si ya kupigiwa kelele.

Sote tu wazima na tunakukumbuka. Nijibu kwa meli itakayofuata: utamwambia aende?

Binti yako,
Rukia